Kutua kwa Mara ya Pili

Kaloleni, Ijumaa jioni

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo nikanyanyua kalamu, nikangoja kama mjinga. Marahaba haikuja. Basi naendelea.

Kesho asubuhi naruka tena. Mwandiko umeharibika, unauona mwenyewe, wewe uliyekuwa ukinirudishia barua zangu za shuleni umezipigia mistari kila nilipoandika ovyo. Tangu asubuhi nimekunywa chai tupu. Naogopa, Baba. Wewe naweza kukwambia.

Nikueleze vizuri. Unaikumbuka ile ofisi ya watalii mjini ninakopiga taipu? Siku hizi kila kitu ruksa, kila mwenye mtaji anafungua biashara, na bosi wangu kaona wageni wamechoka kutazama twiga. Kaleta ndege ndogo na miavuli ya kurukia pale kiwanja cha Kisongo. Mgeni anapandishwa angani, anarushwa, anashukuru na kulipa juu. Bosi akataka wafanyakazi wawili wafundishwe kuruka, wawasaidie wageni. Nikanyoosha mkono. Mimi! Mimi niliyekuwa nikipanda darini ulikohifadhi kahawa nashindwa kushuka, nalia mpaka uje unibebe. Ofisi nzima iliguna. Ukweli ni kwamba tangu tukuzike naogopa kila kitu. Naogopa kuvuka barabara, naogopa mlango ukibishwa, simu ya ofisini ikilia najua ni msiba. Nikasema moyoni, kama ni kuogopa, basi niogope kitu kimoja kikubwa nimalize.

Sijamaliza.

Mwalimu wetu ni mwanajeshi mstaafu, tunamwita Afande Shabani. Wiki tatu alituchezesha pale kiwanjani, tunaruka kutoka juu ya meza: miguu pamoja, magoti yalegee kidogo, ukigusa ardhi unaanguka ubavu na kubiringika. Mwili ulijifunza yote ila jambo moja. Afande anasema ukikaribia chini, usitazame chini. Ukiitazama ardhi inakuja mbio, mguu mmoja unatangulia wenyewe kuipokea, na huo ndio unaovunjika. Tazama mbali, anasema, tazama mlima. Na mimi macho yananishuka. Akifoka ndiyo yanashuka zaidi. "We binti wa Kimeru, umedondosha nini huko chini?" Wenzangu hoi kwa kicheko.

Yeye hajui, Baba. Hajui kwamba kila nilipomtazama mkubwa usoni uliniita pembeni, ukanong'ona ili nisiaibike mbele za wageni, "Mtoto mwenye adabu macho yake yako chini." Umri wote huu nimetembea hivyo. Bosi wangu namjua kwa viatu vyake.

Mara ya kwanza nilidhani kuruka ndiyo kazi. Wapi! Ukishatoka, kamba iliyofungwa ndani ya ndege inakufungulia mwavuli, wewe unahesabu tu kwa maelfu ili usiharakishe, elfu moja, elfu mbili, unashtukia unaning'inia. Kazi ni kushuka. Nilitazama chini tangu juu kabisa. Niliona majani, kisha nikaona jani mojamoja, na mguu wa kulia ukatangulia. Namshukuru Mungu uliteguka tu. Mwezi mzima nimeukanda kwa maji ya chumvi. Siku ile Afande hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alisema, "Ukishuka tena hivi nakufuta. Sitaki kumpelekea mama wa mtu maiti."

Kwa hiyo kesho ndiyo kesho. Nikifutwa narudi kwenye taipu, si kitu, taipu naijua. Lakini nitarudi na hofu yangu yote, na safari hii nitakuwa nimepigana nayo ikanishinda. Sijui nitaishije nayo humu ndani.

Mama mwenye nyumba ananiita tule. Sitakula.

Jumapili, baada ya ibada

Baba, niko mzima.

Ile ndege haina mlango, waliung'oa makusudi. Nilikaa sakafuni, upepo unanipiga shavuni, nikajaribu kuomba, nikajikuta nasema sala ya chakula. Afande akanigusa bega. Nikaenda. Elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, mwavuli ukaninyakua mabegani.

Kisha kimya. Hakuna aliyeniambia habari za kimya kile, mara ya kwanza sikukisikia kwa hofu. Mbwa alikuwa akibweka mbali huko chini. Mlima Meru ulikuwa mbele yangu, mawingu yameufunika nusu. Macho yakashuka. Nikayarudisha. Yakashuka tena. Upepo ukanitoa nje ya kiwanja, ukanipeleka juu ya mashamba ya watu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanyia mazoezi, nami nikaanza kulia kwa sauti. Nilikuwa nishaanza kusikia harufu ya udongo. Mguu wa kulia, huo, unataka kutangulia! Nikapiga kelele peke yangu huko juu, "Samahani Baba, leo nakosa adabu!" Nikaukazia mlima macho. Sikuona nilipogusa. Nilibiringika, nikahesabu miguu, yote miwili ipo.

Kumbe nimeangukia maharage ya bibi mmoja wa Kiarusha, amesimama na jembe. Nikasema shikamoo huku kamba zimenizinga mwili mzima. Hakuitikia. Aliyalilia kwanza maharage yake, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, na alikuwa na haki. Kisha akaona machozi. Akaweka jembe chini, akanishika kidevu. "Inua uso nikuone kama umeumia." Nikainua. Nikamtazama mtu mzima machoni, Baba, muda mrefu tu, na hakukasirika. Alinipangusa udongo kwa shuka yake.

Hapo nikalia sawasawa. Sababu sijamwambia mtu yeyote, nakwambia wewe.

Siku ile ya mwisho hospitalini uliniambia, "Nitazame, mwanangu." Ulisema mara mbili. Mimi nikatazama gurudumu la kitanda. Lilikuwa na kutu. Waliokuwepo walidhani ni adabu, na msibani shangazi wakanisifu, mtoto mtulivu. Haikuwa adabu, Baba. Nilijua nikikutazama nitaona unakwenda. Ukaenda hivyohivyo, mimi natazama gurudumu. Kitu kimoja uliniomba, na nilikuwa nacho, nikakunyima. Nisamehe. Nisamehe sana.

Ndege ilipokwisha kutua, Afande alikuja anahema, ametukimbilia kutoka kiwanjani. Akaikagua miguu yangu, akamwomba bibi radhi, akaniambia, "Jumamosi, saa mbili kamili." Basi sikufutwa. Usidhani nimepona, naogopa tayari, na Jumamosi bado iko mbali.

Mama hajui lolote. Mguu nilimwambia niliteleza sokoni. Ameng'oa mistari miwili ya kahawa yako ya kule bondeni, bei yenyewe siku hizi haieleweki, amepanda nyanya, na anahofia umekasirika. Nikienda tunakaa jikoni, yeye anatazama moto, mimi natazama chini. Tangu mazishi hatujatazamana hata mara moja. Nadhani naye anaogopa atakachokiona kwangu.

Nikiikunja barua hii napanda nyumbani. Nitaiacha kaburini kwako kwanza, kisha nitaingia jikoni. Nitamweleza habari za Kisongo, halafu nitamweleza habari za siku ile hospitalini. Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi nitamwambia uso kwa uso, na akilia sitashusha macho.

Binti yako,
Ndeshi