Bosi Anajifunza Kukaa

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimemtoa Bosi nje kama kawaida, kamba mkononi. "Kaa." Hajakaa. "Kaa, Bosi!" Akajikuna sikio. Nimechelewa kufungua duka langu la zipu na vifungo Kariakoo. Mbwa ana mwaka na nusu, mwili kama mbuzi, na neno analolijua ni "chakula" tu.

Jumanne, 8 Oktoba
Balaa. Bi. Zuhura, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa ametoka kutawadha. Bosi akachomoka, akamrukia kifuani, akamlamba. Bibi wa watu hakupiga hata kelele. Alirudi bombani, akaosha baibui mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyotaka. Magharibi ikampita. Aibu niliyoiona!
Mwenye nyumba, Mzee Salum, amekuja. "Anna mwanangu, mbwa sina neno naye. Lakini watu wanasali humu. Jumapili ya tarehe ishirini nakuja kuangalia. Kama bado anarukia watu, aondoke."
Tangu wezi wavunje dirisha langu, bila Bosi silali.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimempiga kwa kandambili. Kaona mchezo, kaitafuna. Nimelia. Nimejichukia.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimempeleka kuchanjwa. Kamrukia daktari wa mifugo pia. Daktari hakumsukuma. Alimpa mgongo, kimya. Bosi akaruka, akaruka, akachoka, akashuka. Hapo hapo akapewa dagaa.
"Ukimfokea na kumsukuma, anaona mnacheza," daktari kaniambia. "Miguu yote ikiwa chini, mpe. Ikiwa juu, jifanye humwoni."
Tena kasema nimfundishe kwa watu mbalimbali. Watu gani watakubali?

Jumatatu, 14 Oktoba
Dagaa mfukoni kutwa. Mteja wa zipu kaziba pua. Lakini jioni Bosi kakaa mara nne! Nimempigia makofi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimemwomba jirani, fundi viti, anisaidie. Karukiwa, shati limechanika. Zimebaki siku nne. Nimempigia kaka yangu aliyeko Moshi, kakubali kumchukua Bosi tukishindwa.

Alhamisi, 17 Oktoba
Bi. Zuhura kaniita uani. Nilijua nasemwa.
"Shikamoo, bibi."
"Marahaba. Huyo mbwa unamfundishaje?"
Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.
"Anayerukiwa ni mimi. Sasa fundi viti wa nini?"
Nikamfunga Bosi kamba fupi mlangoni. Bibi akasimama mbali, upande wa pili wa kamba ya nguo. Bosi akikaa, anamrushia dagaa. Akiinuka, anampa mgongo. Tumerudia mpaka dagaa wakaisha. Bibi kacheka. Miaka mitatu nyumba moja, sijawahi kumsikia akicheka.

Jumamosi, 19 Oktoba
Asubuhi na jioni. Kutoka hatua kumi tumefika tatu. Leo bibi kapita karibu kabisa, Bosi kakaa. Mara ya pili kainuka. Naogopa kesho.

Jumapili, 20 Oktoba
Mzee Salum kanikuta ndiyo kwanza nimetoka kanisani. Nimemwekea kiti na chai. Kamba nimeifungua.
Bi. Zuhura akatoka, baibui limepigwa pasi. Bosi akakaa. Mwili mzima unamtetemeka, mkia unafagia sakafu, lakini kakaa. Bibi akapita. Halafu akarudi, kwa makusudi, akapita tena.
Mzee Salum akamaliza chai yake taratibu. "Sasa mfundishe na kunyamaza wakati wa adhana," akasema, akaondoka zake.
Nimeingia ndani, nimefunika uso na khanga. Furaha nayo inachosha.
Sasa ni jioni. Bi. Zuhura ametandika mkeka uani, anachambua mchele. Bosi amelala kule mlangoni kwangu. Bibi hamwangalii, naye hamsogelei. Nimekaa kati yao, naandika haya.