Kurasa Nne za Mwalimu Hawa

Mwalimu wangu mpendwa,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukuandikia. Mwanzoni darasa lako lilikuwa hatua ishirini tu kutoka meza yangu, na baadaye, walipokupeleka milimani upande wa Bugarama, niliogopa. Leo naandika kwa sababu kesho asubuhi kuna jambo litakalofanyika katika darasa lako, nami nataka ulisikie kwangu kwanza.

Darasa liko palepale. Uzio wa chini ulichukuliwa na ziwa mwaka uleule ulipoondoka, na sasa maji yakichafuka yanafika kwenye shina la mchikichi wa mwisho. Madawati tumeyapandisha juu. Ubaoni, kwenye kona, bado kuna zile namba ulizoandika kwa rangi kwa sababu chaki ilikuwa ikifutika: moja, mbili, tatu, nne.

Nakumbuka siku ulipozitumia mara ya kwanza. Tulikuwa vijana arobaini tuliokuja shule hii, lise ya ualimu, tukidhani kufundisha ni kusimama mbele na kuongea bila kukatizwa. Ulitupanga wanne wanne, ukampa kila mtu namba, ukatupa swali moja. Ukasema tujadiliane mpaka wote wanne tulijue jibu, kisha utaita namba, si jina, na mwenye namba hiyo atajibu kwa niaba ya wote. Akikosa, wote wamekosa. Fideli, aliyekuwa Namba Moja katika kikundi chetu, alijua jibu kabla hujamaliza kuuliza. Aliandika, akafunika daftari, akaanza kupiga soga na kikundi cha jirani. Mimi nilikuwa Namba Tatu. Nilikuwa na aibu ya kumwuliza, naye hakuona sababu ya kunieleza.

Ukaita, "Tatu."

Nilisimama. Nakumbuka harufu ya mawese yaliyokuwa yakichemshwa nyuma ya shule. Sikusema neno. Fideli akacheka, akaniuliza mbele ya wote, "Wewe Tatu, uko na mdomo ao uko na kufuli?" Darasa zima likaangua kicheko. Kisha akakugeukia na kukueleza kwamba wao watatu walikuwa wanajua, kosa lilikuwa langu peke yangu.

Hukumkaripia. Ulikuja ukasimama kati yetu, ukasema polepole, "Kama ninyi munajua na yeye hajui, basi kikundi hakijui. Sitaki kuona kidole kinamuonyesha mwenzake hapa. Kosa ni la kikundi." Halafu ukaniangalia mimi, ukaongeza, "Na wewe uliyenyamaza wakati ulikuwa haujaelewa, umewanyima wenzako nafasi ya kukufundisha. Kunyamaza pia ni kosa."

Sehemu ya kwanza ya maneno hayo niliipenda mara moja. Ya pili nimekaa nayo miaka yote hii bila kuitumia.

Unakumbuka Kigwena? Tulikwenda staji, mazoezi ya kufundisha, katika shule ya huko, ukaingia darasani na mkasi. Somo lilikuwa jinsi mawese yanavyotengenezwa. Ulilikata vipande vinne, kuvuna, kuchemsha, kukamua, kuchuja, na kila mtoto akapewa kipande kimoja tu asome na kuwafundisha wenzake. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye kwao ndiyo kazi yao. Alisoma kipande chake, akakirudisha, akasema, "Mwalimu, hii iko vibaya, ukichemsha hivi mafuta itakuwa chungu." Ulicheka mpaka ukatoa machozi, ukamwambia akae kwenye kiti chako. Ulituambia njiani tukirudi kwamba siku hiyo ndiyo uliona kikundi cha kweli. Mtoto alikuwa na kitu ambacho wenzake hawana, na wenzake walihitaji kukisikia. Ulisema kuwapanga watoto wakatazamana ni kazi ya dakika mbili, tena hata fundi wa madawati anaiweza.

Nilimaliza masomo nikiwa na alama nzuri za kuandika na woga uleule wa kusimama mbele ya watu. Ni wewe uliyekwenda kwa direkteri kumwambia kwamba kuna kijana anaandika vizuri, na ofisi inahitaji sekreteri. Mama yangu alikuja kwako na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, kukushukuru. Ukamjibu, "Murakoze, asante mama, lakini huyu mutoto anajificha. Nimemupa tu mahali pazuri pa kujificha." Alidhani unatania. Nadhani mimi nilikuelewa.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Mwaka wako wa mwisho hapa ulitembelea madarasa tisa ambamo vijana wetu walikuwa wakifanya staji. Ulirudi na kurasa nne za mkono wako, kwa kalamu ya buluu, doa la mafuta mekundu kwenye ukurasa wa pili. Ulinipa nizipige chapa. Katika ukurasa wa tatu ulikuwa umeandika: "Katika madarasa niliyoyaona, hakuna hata moja ambamo watoto walifundishana. Walikaa kwa vikundi. Mmoja alifanya kazi, wengine walimtazama." Na mwisho uliomba vijana waongezewe muhula mmoja wa mazoezi kabla ya kupewa madarasa, kwa sababu hatukuwa tumewafundisha vya kutosha. Uliandika "hatukuwa", ukijihesabu na wewe.

Direkteri alisoma nyuma ya bega langu. Si mtu mkali, unamjua. Aliongea kwa upole, na upole ndio ulionimaliza. Alisema ripoti ni nzuri, ila pale katikati iko na kidonda, na wakubwa wakikiona watasema lise nzima inaumwa. Akaniambia niandike kwamba katika madarasa mengi watoto wanafundishana vizuri. Kwa kuwa mambo yanakwenda vizuri, ombi la muhula wa ziada nalo halikuwa na kazi tena, likaondoka. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri, kama tukuulize kwanza.

"Tusimusumbue," alisema. "Ni kusafisha tu. Hakuna mutu atakufa juu ya neno moja."

Nikasafisha.

Ulikuja jioni ile ile kabla hatujafunga, begi begani, una haraka ya kuwahi basi la kwenda kumwona dada yako Nyanza-Lac. Nilikuwekea karatasi mbele yako. Nilitaka usome, Mwalimu. Nilizipanga ili ukurasa ule uwe juu kabisa. Wewe ukazigeuza zote mpaka wa mwisho, ukatia sahihi, ukasema, "Ukiandika wewe, mimi sina haja ya kusoma." Nilikuwa na muda wa kukuambia, muda wote wa wewe kufunga begi, kuaga, kuvuka ua. Nilikuangalia dirishani mpaka ukapanda basi.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, lakini watakaokuwa darasani kesho hawakijui. Ulialikwa Bujumbura, kwa wakubwa wa elimu, kueleza kazi yako. Mimi nilikuja kubeba mafaili. Ulisimama ukasema ulichokiona, bila karatasi, kama kawaida yako. Mzee mmoja kati ya wakubwa akavaa miwani, akafungua ripoti, akasoma kwa sauti kwamba katika madarasa mengi watoto wanafundishana vizuri. Akageuza ukurasa wa mwisho, akauliza kama sahihi ile ni ya mtu mwingine. Watu walianza kunong'ona. Mmoja alitania kwamba labda mwalimu alitembelea madarasa mengine akiwa usingizini.

Uligeuka. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha ukutani, faili magotini. Uliniangalia kwa muda usiozidi pumzi moja, na nikaona kwamba umeelewa yote. Nilisubiri useme jina langu. Naapa sehemu yangu moja ilikuwa inaomba uliseme, ili yaishe.

Uliwageukia, ukasema, "Ni ripoti yetu. Kosa ni la kikundi."

Hawakujua unaongelea nini. Waliandika kwamba umekiri.

Katika basi la kurudi Rumonge ulikaa karibu nami na hukuniuliza lolote. Baada ya Magara ulinipa nusu ya ndizi yako. Mwalimu, ungenipiga kofi ningelisahau. Ndizi ile sijaimaliza mpaka leo.

Wiki mbili baadaye barua ya uhamisho ikaja, na ni mimi niliyeipiga chapa. Walikupa shule ya juu milimani, huko Bugarama, mwendo mrefu wa miguu kutoka barabarani, na presha yako wote tuliijua. Nilisikia kwamba hata kule uliwapanga watoto wanne wanne. Nilisikia pia kwamba ulianguka darasani, na watoto ndio waliokubeba kwenye machela, wakipokezana. Tulikuzika hapa Rumonge siku ya mvua. Nilishika jeneza kwa hatua chache, kisha mtu akachukua nafasi yangu, na sikuwa na ujasiri wa kuirudia.

Faili lako liko kwenye kabati nyuma yangu. Sentensi ya mwisho inasema ulitoa habari mbili zinazopingana kuhusu jambo moja.

Mwezi uliopita Riziki, binti yako, alikuja dirishani kwangu. Yuko mwaka wa pili hapa, anasomea ualimu. Ana mwendo wako. Alikuwa amesikia wenzake wakisema kwamba mama yake alifukuzwa kwa kusema uongo. Hakulia. Alishika nondo za dirisha akaniuliza, "Kaka Amisi, wewe alikufundisha. Mama alidanganya?"

Nikamwambia sijui.

Aliniambia asante. Alikaa kidogo kama mtu anayengoja chenji, kisha akaenda zake.

Sasa sikiliza. Juzi direkteri aliniagiza nitoe fotokopi za ripoti ile, iliyosafishwa, zigawiwe kesho kwa mwaka wa pili. Wanaanza kujifunza jinsi ya kuwafundisha watoto kwa ushirikiano, na yeye anataka wasome mfano wa mahali ushirikiano huo ulipofaulu. Watasoma uongo wenye sahihi yako, na Riziki atakuwa kati yao. Kisha watakwenda Kigwena na kwingineko, watawapanga watoto wakatazamana, na watadhani wamemaliza.

Zile kurasa nne za mkono wako hazikuchomwa. Direkteri aliniambia nizichome, nami nilimwambia nimezichoma. Ni uongo pekee ambao siujutii. Zilikuwa ndani ya kitabu cha mama yangu cha dua, na leo ziko hapa chini ya mkono wangu.

Nimezitolea fotokopi. Mwaka wa pili wako arobaini, kama sisi tulivyokuwa, vikundi kumi. Kila mmoja atapata ukurasa mmoja tu kati ya kurasa zako nne, kulingana na namba yake. Hakuna atakayeielewa ripoti yako bila kuwasikiliza wengine watatu. Sijifanyi shujaa. Nimefanya hivyo pia kwa sababu direkteri akipita katikati ya madawati ataona karatasi moja moja mikononi mwa watu, na itamchukua muda kuelewa, na mimi nahitaji huo muda. Chini ya rundo la kila kikundi nitaweka ripoti iliyosafishwa, na chini yake nakala ya barua hii, isomwe mwisho.

Naogopa, Mwalimu. Nina mama na wadogo zangu nyumbani, na sina kazi nyingine ninayoijua. Inawezekana wiki ijayo mtu mwingine atakuwa kwenye meza hii, na mimi nitakuwa nabeba vichikichi. Inawezekana pia faili lako lisibadilike hata nukta, maana waliolifunga hawapendi kufungua walichofunga. Na hata likibadilika, wewe huko ulipo hutapanda tena basi la Nyanza-Lac.

Lakini kesho nitaingia na karatasi hizo, nitazigawa, na sitatoka. Nitakaa dawati la mwisho karibu na mlango. Nimetazama orodha ya vikundi: Riziki ni Namba Tatu katika kikundi chake. Ukurasa wa tatu utakuwa mikononi mwake, kwa mwandiko wako, na ni yeye atakayewafundisha wenzake kilichoandikwa. Akimaliza, akilinganisha na ile iliyosafishwa, atauliza nani alikibadilisha.

Hatakuwa na haja ya kuita jina. Aite namba tu, nitasimama.

Lala salama, Mwalimu. Kosa hili halikuwa la kikundi.

Mwanafunzi wako,
Amisi, Namba Tatu