Kitenge cha Dada Nanyori

Moshono,
Arusha.
21 Januari 2025

Mpendwa Shangazi Aikande,

Shikamoo Shangazi. Habari za Songea? Mgongo wako umepata nafuu, au bado unakusumbua ukiinama? Baba Elifuraha mfikishie shikamoo yake. Sisi ni wazima. Jua ni kali na vumbi la Moshono linaingia mpaka kwenye sukari.

Shangazi, ndoa ni tamu. Huu ni mwezi wa saba tangu harusi na bado mume wangu Eli akifungua geti moyo wangu unaruka kama siku aliyokuja kuniposa. Alikuwa akinichemshia maji ya kuoga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Tukitoka kanisani ananishika mkono mbele za watu, mpaka kina mama wa kwaya wanamuuliza kama anaogopa nitapotea. Nampenda, Shangazi, nampenda hata akiwa amelala mdomo wazi.

Nimeanza na hayo ili ujue ninachoogopa kukipoteza. Ningekupigia simu, lakini ningelia na usingesikia neno.

Unakumbuka cherehani aliyonipa Eli siku ya harusi. Aliamini nitashona, na mimi niliamini hivyo hivyo. Badala yake nikaanza kununua vitambaa. Natoka kwenda soko la Daraja Mbili kutafuta nyanya, narudi na kitenge. Kuna mama muuzaji pale, akiniona kwa mbali tu anaanza kukunjua. Nikikishika kitambaa kipya, kile kigumu chenye harufu ya rangi, naliona gauni lote, shingo na mikono, na Eli akinitazama nimelivaa. Nikifika nyumbani nashika mkasi, mkono unagoma. Nikikata, magauni mengine yote niliyoyaona yanakufa, linabaki moja. Basi nakikunja, nakiweka. Begi la harusi limejaa, uvunguni kumejaa, vingine viko kwenye kiroba nyuma ya mlango. Eli alikuwa akicheka, anasema iko siku atanitafuta humo ndani asinione.

Kama yangeishia hapo ningekuandikia utani tu.

Desemba, Marta, mdogo wake Eli, alipata kipaimara. Mama mkwe alinunua sare ya wanawake wa ukoo, vitenge vya bluu iliyoiva vyenye maua ya njano, pisi tisa, akaniletea mimi mkwe mpya nishone. Ilikuwa heshima kubwa. Wanawake saba walikuja kupimwa, na vitenge vyao pamoja na changu nilivikata bila shida, kwa sababu nilijua kimoja bado kimekunjwa. Hicho kilikuwa cha dada Nanyori, mjane wa kaka yake Eli, anayeishi Kikatiti na wanawe wawili. Alichelewa kuja kwa sababu mtoto mmoja alikuwa mgonjwa. Kila siku nilikitazama. Karatasi ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa. Alipopiga simu kuuliza aje lini, nikamwambia kitambaa kimepungua, hakikutosha.

Akasema, "Sawa mdogo wangu, nimeelewa."

Alielewa jambo lingine kabisa. Tangu mumewe afariki, watu wamekuwa wakinong'ona kwamba siku moja ataambiwa arudi kwao. Na huku mtu hafukuzwi kwa maneno, ananyimwa sare. Hilo nilikuwa nalijua, Shangazi. Siku ile sikulifikiria, nilifikiria kitenge.

Mama mkwe aliponiuliza mbona gauni la Nanyori halimo, nilimjibu kwamba hakuja kupimwa. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinitoka kirahisi.

Siku ya sherehe dada Nanyori alikuja na gauni lake la zamani la kijani, akakaa na majirani. Mshereheshaji akawaita wenye sare mbele wapigwe picha. Yeye alibaki pale, anamkatia mwanawe nyama vipande vidogo vidogo, mtoto wa miaka tisa anayejua kula mwenyewe. Wifi mmoja nyuma yangu akasema, "Mwacheni, sare yetu inamwasha mwili." Wakacheka, na mimi nikatabasamu. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwa mama mkwe.

Krismasi dada Nanyori hakuja. Mwaka mpya ulipoingia alituma ujumbe kwamba anafungasha, anarudi kwao Longido na watoto. Mama mkwe analia kwamba wajukuu zake wanachukuliwa na mwanamke aliyeikataa familia mbele ya watu. Kikao cha ukoo kimepangwa Jumamosi hii. Juzi tukiwa tunakula, Eli, ambaye hana tabia ya kumsema mtu, akasema, "Shemeji ametudharau. Kama hataki kuwa wetu, aende."

Nilinyanyuka. Nikaenda kwenye kiroba, nikakitoa kile kitenge, nikakiweka mezani na kumweleza yote.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikikunjua chote, yadi sita, kikafunika meza na magoti yake, akakitazama kama mtu anayetafuta tundu. Kisha akasema, "Nitakupeleka Kikatiti. Mlangoni utaingia peke yako." Tangu hapo maji ya kuoga nachemsha mwenyewe.

Jana tulikwenda. Masanduku yalikuwa yameshafungwa kamba. Dada Nanyori alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza, alikaa juu ya sanduku moja.

"Kwa hiyo mama hakusema nisivae?"

Nikamwambia hakusema, kwamba alimnunulia kama wenzake wote. Akafuta macho kwa upande wa khanga. Nilipiga magoti nikamnyooshea kitenge, akakisukuma kurudi kwangu, akasimama na kunyoosha mikono.

"Nipime," akasema. "Jumamosi nitalivaa mbele yao, na wewe utawaambia kwa nini limechelewa."

Nilimpima kiuno, Shangazi. Amekonda. Masanduku hakuyafungua.

Kuna jambo ambalo Eli halijui. Tulipotoka pale, barabarani kulikuwa na duka limetundika vitenge nje, na mimi, na aibu yangu yote, niligeuza shingo. Hilo ndilo linalonitisha kuliko hata kikao. Wewe umenilea, niambie kama ulishawahi kuniona hivi nikiwa mdogo, na ulinifanyaje.

Tafadhali usimwambie mama yangu, nataka alisikie kwangu. Mama mkwe naye bado hajui. Barua hii ikikufika, Jumamosi itakuwa imeshapita, lakini niombee hivyo hivyo.

Nisalimie mwanao Elifuraha, mwambie dada yake anamkumbuka, na yule bibi jirani yako aliyenisuka nywele nilipokuja. Mungu aendelee kukushika mkono, wewe na nyumba yako yote.

Leo asubuhi nimekikata kile kitenge. Mkono uligoma, nikakata hivyo hivyo. Nimebakiza kushona pindo tu.

Mimi mwanao nikupendaye,
Anneth