Tobo la chini ya ukuta

Alby, Novemba

Mjukuu wangu Neema,

Huku tuko wazima. Mama yako ana mafua, lakini kila asubuhi anapanda treni kwenda kazini Farsta. Amenionyesha kwenye kompyuta picha za hoteli unayofanyia kazi huko milima ya Alpi. Unauliza kama kweli nami niliwahi kufanya kazi kwenye hoteli ya maji moto.

Ni kweli. Ilikuwa kwetu Kivu, milimani, nami nilikuwa nafua taulo. Wenye hoteli walizungushia chemchemi ukuta, na kwetu mtoto mchanga huogeshwa maji yale kabla ya kupewa jina. Fundi aliyejenga ukuta akaacha tobo chini yake. Maji yakatoka nje, akina mama wakaendelea kuogesha watoto wao. Meneja alipoliona, alimwita fundi aje kuliziba, na fundi alikuwa yuleyule. Aliliziba kwa udongo. Mvua mbili tu, maji yakatoka tena.

Nilimpenda fundi huyo kwa ajili ya tobo lile. Ndiye babu yako, na mama yako aliogeshwa pale.

Ukipata mapumziko, zunguka nyuma ya hoteli yako uangalie kama ukuta wake nao una tobo. Ukiliona, usimwambie meneja.

Bibi yako