Sikumchapa Kadzo

Gongoni,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mgongo umepunguza kukusumbua na mahindi ya huko Rabai yameshika vizuri. Huku tu wazima, hata Charo, aliyetutia hofu majuzi.

Barua yako nimeipata. Wasema kaka Karisa kakueleza kwamba nimemvunjia heshima mke wa nyapara, na kwamba niende nikamwangukie kabla mume wangu, baba Kadzo, hajafukuzwa kazi ya chumvi. Mama, niwie radhi, siendi. Sikiliza kwanza yaliyotokea.

Saumu, binti wa huyo nyapara, ana miaka kumi na hucheza na wanangu kila siku. Siku hiyo Charo alirudi na paketi yake ya maziwa ya shule. Saumu akamnyang'anya, akayanywa, akaijaza paketi maji ya bwawa la chumvi. Akamwambia, "Kunywa, la sivyo huchezi nasi." Mtoto wa miaka sita, akanywa. Alitapika hadi akalegea. Kadzo alipomwona nduguye vile alimsukuma Saumu, akaanguka, mdomo ukapasuka.

Mamake Saumu akaja mbio na fimbo, akaitia mkononi mwangu. "Mchape hapa hapa, nione kwa macho yangu!" Majirani wote walikuwa nje. Nikamjibu, "Kadzo kakosa kusukuma, nitamwonya mwenyewe. Nawe muulize wako alimnywesha nini mwanangu." Akasema bintiye hana tabia hizo, na nisipochapa, mume wangu atajuta. Nikaivunja ile fimbo mbele yake.

Kesho yake baba Kadzo akaondolewa kwenye mizani ya kupimia chumvi, akapelekwa kubeba magunia.

Siku ya nne, nikiwa nasonga sima, Saumu alisimama mlangoni peke yake. "Mama Kadzo, ni mimi niliyemnywesha Charo."

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

Akamwambia huku analia. Nikamkaribisha, akala na wenzake. Mamake alipokuja kumtafuta alimkuta na tonge mkononi, na mtoto akayarudia maneno yale yale mbele yake. Mama yule alimshika mkono wakaenda zao. Radhi sijaombwa, na magunia bado yapo.

Jana nilikuwa nikimkanda baba Kadzo mabega yaliyochubuka, nikamuuliza kama ananilaumu. "Ungemchapa ili kuilinda kazi yangu," akasema, "ningeona haya kumtazama mtoto."

Basi, Mama, ukitaka kunilaumu, nilaumu. Ila mwanangu sitamchapa kwa amri ya mtu, awe nyapara au mkewe.

Nisalimie Baba, na shangazi anayekuchotea maji, na kaka Karisa pia, ingawa nitakapomwona tuna maneno. Wajukuu wako wanakuamkia.

Ni mimi binti yako, mkaidi kama ulivyonizaa,
Mbeyu