Dele la Kidole Gumba

Mkunazini,
S.L.P. 412,
Unguja.
9 Agosti, 1968

Mpendwa Mjomba Muhiddin,

Shikamoo. U hali gani huko Mombasa, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua melini kimepoa? Sisi wazima wa mwili. Bibi magoti bado yanamuuma, lakini hapiti sala bila kukuombea. Barua hii nimempa Machano anayesafiri kuja huko, akuletee mkononi; posta nimeogopa.

Uliniuliza nichague kamera ipi: hii ndogo uliyoniachia niijaribu, au ile kubwa ya kutazamia kwa juu, inayoona vitu vya karibu. Nilipenda ndogo. Unanijua, mtu akinikazia macho tu nasahau jina langu. Hii natembea nayo ndani ya buibui, hakuna anayejua.

Ila picha za kwanza za vile vyombo vidogo vya marehemu mama, ulizotaka uwe nazo melini, zilitoka ukungu mtupu. Nyuma yavyo ukutani, kalenda unaisoma hadi tarehe. Nikadhani ni kiza cha ukumbini. Nikataka jua.

Basi Jumapili tulikwenda Uroa kwa Shangazi Mize. Katika vile vyombo nikachukua lile dele la kahawa lisilozidi kidole gumba, nikaliweka juu ya jiwe pwani, nikajibanza watu wasinione, nikapiga picha. Macho yangu yote yalikuwa kwenye dele. Wallahi Mjomba, kibanda cha askari kule nyuma sikukiona mpaka askari mwenyewe alipokuwa kichwani pangu.

"We binti, buibui lako lina jicho?"

Wenzake wakacheka. Nikaliokota dele jiweni. Nikafungua kiganja tu nikamwonesha.

"Hilo? Sasa hilo ndo la kujifichia upige picha kibanda chetu?"

Kamera akaichukua. Filimu inasafishwa mjini, na Jumatatu natakiwa kituoni pamoja na Baba. Nshamwambia Baba. Hakunigombeza. Alivua saa yake, akampa Bibi amwekee mpaka tutakaporudi.

Maana najua picha ile itakavyotoka. Dele litakuwa ukungu, na kibanda kitaonekana hadi misumari. Nani ataniamini?

Nshachagua, Mjomba. Nnataka ile kubwa, ining'inie kifuani kila mtu aione, hata nikifa kwa kuona haya. Lakini usiilete sasa. Sasa niombee jambo moja tu: filimu iwe imeingia mwanga, isitoke hata picha moja.

Nisalimie Bi Shemsa na Jaku mdogo. Bibi na Baba wanakusalimu sana. Mungu akuhifadhi huko baharini, na sisi huku nchi kavu.

Mimi mwana wa dada yako, akupendaye,
Mwanakheri