Umesimama Kati ya Kiboko na Maji

Kwako Zaituni, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu kwenye simu siku hizi unanijibu kwa vikatuni vya kucheka. Basi wacha wasome wote: majirani zetu wa Flemingdon Park hapa Kanada, bosi wako wa hoteli huko Bujumbura, na hao wageni wake wenyewe. Shule niliiacha darasa la sita, walimu wakapumua, lakini kwa habari za Ziwa Tanganyika hakuna profesa wa kunifikia.

Ile picha, Zaituni. Ile picha!

Nilikuwa ndani ya basi la Eglinton, natoka kiwandani. Nikaifungua. Nikajikuta nimesimama, nimepiga ukelele, "Astaghfirullah!" Dereva akapunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo. Bibi mmoja wa Kichina akanishika mkono akaniketisha, alidhani moyo umenishika. Mimi huyu, niliyepitia vita viwili bila kupepesa jicho, nikaketishwa kama mtoto.

Unaikumbuka roshani yetu? Mama yako akiwa zamu kwenye kazi yake ya kutunza wazee, mimi nakulea kwa wali, maharage na hadithi. Nilikusimulia jinsi nilivyomshika kiboko sikio akanivusha mto Rusizi, gunia la muhogo kichwani mwangu, na ng'ambo akakataa nauli. "No way, Mjomba!" ukapiga kelele, ukajificha chini ya meza. Kesho yake ukaisimulia shuleni, mwalimu akamwita mama yako. Hadithi ile ni kweli, na hapa nakazia. Kiboko mwenyewe angekuwa hai angetoa ushahidi.

Unakumbuka na siku mto Don, huu wa jirani yetu, ulipopanda barabarani? Tulikuwa juu tunatazama magari yamezama mpaka madirishani. Ukaniuliza kwa Kiingereza chako kwa nini mto umeingia barabarani. Nikakujibu, "Mwanangu, hapo ni chumbani kwake. Barabara ndiyo iliyokwenda kulala kitandani mwa mwenzake." Ukacheka, ukaandika kazi ya shule, ukapewa zawadi. Kiwandani walinikoma. Niliwaambia mimi ndiye mwalimu wako wa mito, na kwamba jiji limenipigia simu kuomba ushauri.

Kisha ukakua, ukasomea mambo ya hoteli, ukachagua kwenda Bujumbura kwetu, mahali ambapo wengine walikuwa wanapakimbia. Nchi imesusiwa na mataifa, misaada imefungwa, kwenye habari inatajwa kwa maiti tu. Mama yako akakushika mkono uwanja wa ndege: "Mtalii gani atakwenda huko, Zaituni?" Ukamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka mpaka nikageuka kutazama nani amesema: "Ndiyo maana naenda, mama. Nani atawaambia watu kwamba tuna ziwa?"

Wallahi nilivimba. Nikamwambia Hamisi kinyozi kwamba mpwa wangu amekabidhiwa Ziwa Tanganyika.

"Ziwa zima?" akaniuliza.

"Mpaka upande wa Kongo."

"Basi mwambie atupunguzie bei ya mukeke, samaki wamekuwa ghali."

Ikaja ile video yako ya kwanza. Unatembea unaonyesha: mchanga mweupe umeletwa kwa malori, viti vya kulalia, ukuta mrefu kati ya hoteli na ziwa. Mimi natafuta matete. Matete yako wapi? Pale palikuwa na matete marefu kuliko nyumba, ndiyo yanashika udongo, ndimo samaki wanazalia. Yamefyekwa yote! Maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, chupa za plastiki zinaelea nyuma yako na wewe unatabasamu. Nikakupigia.

"Mjomba, bosi anasema mtalii hasafiri kuja kutazama majani."

"Na wale wataalamu waliokuwa wanapima ufuo?"

"Walikuwa wa miradi ya wazungu. Miradi imefungwa, wameondoka. Sasa kila mtu anajenga anapotaka."

Nikakwambia, mwanangu, huo ukuta umekatiza njia ya kiboko. Pale penye mdomo wa kijito, kinapoingia ziwani hapo hotelini kwenu, napajua kama kiganja changu. Kiboko hana njia mbili. Alipopita nyanya yake ndipo anapopita yeye, magharibi anatoka kula majani, alfajiri anarudi majini. Sisi watoto wa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, tulilelewa hivyo: ukifika pale jua likizama, unashuka kwenye baiskeli, unasema, "Mwenyewe anapita," unangoja. Hata sheikh alingoja. Hata mlevi.

Ukacheka. "Ni yule aliyekataa nauli, Mjomba?"

Na sasa hii picha. Kiboko yumo ndani ya hoteli, katikati ya magari, amezunguka ukuta akaingia kwa lango kuu. Wageni wanamtupia mkate. Bosi wako ameiweka kwenye tangazo, eti viboko mlangoni pako. Na wewe, damu ya dada yangu, umempa mgongo unajipiga picha! Itazame tena. Usitazame uso wako, tazama miguu yako iko wapi. Nyuma yako kiboko, mbele yako lango la kurudi ziwani. Umesimama kati yake na maji, Zaituni! Tabasamu lako nimeliona. Masikio ya yule mnyama nimeyaona pia. Yule hakuja kupiga picha. Anatafuta njia ya kurudi nyumbani na njia ni wewe.

Siku tatu chakula kinapita kama karatasi. Nafunga macho naona mdomo ule unafunguka.

Kwa hiyo sikia. Mwambie bosi abomoe ukuta pale penye kijito, aiache njia wazi, matete yaote tena. Wageni wamtazame kutoka juu, roshanini. Hata hiyo ni biashara, tena nzuri. Akikataa, acha funguo mezani uondoke. Nchi ile imeachwa peke yake na dunia nzima, hakuna mkaguzi atakayekuja kukuokoa na ukuta huo. Na wewe bosi unayesoma, usiseme ni maneno ya mzee wa Kanada. Nenda kasimame pale jua likizama. Halafu uniandikie, kama mkono utakuwepo.

Jana mama yako alitoka kazini, akakaa karibu yangu na chai yake. "Zaituni ametuma picha? Nionyeshe." Nikamwambia simu imezima. Ilikuwa mkononi, inawaka. Akanitazama, akangoja nimwambie lolote. Unanijua, sijawahi kukosa la kusema. Jana nikainuka kumwongezea chai, na kikombe chake bado kimejaa.

Mimi nina hadithi ya kila kitu, Zaituni. Usinipe hiyo moja ya kwenda kumwambia mama yako.

Mungu akuweke mbali na hapo uliposimama.

Mjomba wako, kaka wa mama yako